Macho ya Upande wa Maman

Mujomba alifika kwetu Kadutu siku ya mvua, amebeba mkeka mmoja na sufuria moja, na maman akajua papo hapo kwamba hakuja kusalimia. Mtu anayekuja kusalimia habebi sufuria.

Huyu mujomba ni kaka pekee wa maman. Mke wake alikufa mwaka uliotangulia, hawakujaliwa watoto, na nyumba yake ya kijijini, upande wa Miti, ilikuwa imeangushwa ukuta mmoja na mvua. Aliomba kitu kimoja tu: kile kibanda cha nyuma tulichokuwa tunawekea makaa. Alisema atayahamisha makaa mwenyewe. Papa alimwangalia maji yakimtiririka miguuni, yakichora udongo sakafuni, akasema, "Lala pale mpaka siku ya Mungu. Siku ya Mungu tutasema." Ilikuwa Jumatatu, na siku ya Mungu ni Jumapili.

Papa si mtu mbaya. Ni mwashi, nyumba kadhaa za Wazungu pale chini ziwani zimepita mikononi mwake, na anaamini kwamba ukuta ukienda mshazari, kosa ni la mtu, si la matofali. Na mujomba alikuwa amemkosea kweli, au hivyo ndivyo tulivyojua wote. Miaka mingi nyuma, kabla sijaanza shule, papa alimwombea kazi katika shamba la kahawa la Mzungu mmoja karibu na Miti. Alisimama mbele ya kapita, msimamizi wa wachumaji, akasema: huyu ni shemeji yangu, ni kama mimi mwenyewe.

Jioni kwenye mashamba yale, wachumaji humwaga vitunga vyao juu ya mikeka, kapita anapita na fimbo, anatawanya buni, anatafuta zilizochumwa kabla ya kuiva. Kitunga cha mujomba kilikuwa nusu mbichi. Akaonywa. Akaanza kuchuma polepole, punje moja moja, akawa wa mwisho kila siku. Akaambiwa aharakishe, akaharakisha, na mbichi zikarudi. Mwisho kapita alizimwaga zile mbichi ndani ya kofia ya mujomba mwenyewe, akamwamuru aibebe kwa mikono miwili, kama sahani ya sadaka, apite mbele ya wachumaji wote mpaka barabarani. Hakurudi tena shambani. Na papa, aliyesema "ni kama mimi mwenyewe", hakuweza tena kukanyaga pale.

Tangu siku ile, nyumbani kwetu, mtoto akichelewa kuteka maji aliulizwa, "Na wewe unataka kubeba kofia?" Mimi pia nimewauliza hivyo wadogo zangu. Nimecheka nayo.

Jumatano ya wiki ileile aliyokuja mujomba ndipo mambo yalipobadilika kwangu, darasani.

Mimi ni mtu wa aibu. Nakaa karibu na ukuta, na nikijua jibu nasubiri mwingine alitoe. Mwaka ule nilikuwa nimeandikwa kati ya wale watakaochukua masomo ya uuguzi, na papa alikuwa ametangaza kwenye kila jengo alilojenga kwamba mtoto wake atakuwa infirmier, atavaa koti jeupe. Padri wetu wa sayansi, Mbelgiji mwenye ndevu ambazo watu husema ni za njano, alileta vipande vya karatasi vya dukani, vile vya kuchagulia rangi ya kupaka nyumba. Akatuambia kwamba kila rangi lazima ijibu maswali matatu. La kwanza: ni ya ukoo gani, nyekundu, ya majani, bulu? La pili: iko karibu na maziwa au karibu na makaa? La tatu: imekolea au imepauka? Hilo la tatu wengi hawakulielewa, mpaka mwenzangu wa dawati akanong'ona, "Kama chumvi kwenye mboga ya sombe," na benchi zima likaitikia, aa.

Padri akaniita mbele. Nadhani aliniita kwa sababu sijawahi kumsumbua. Akaniambia nipange karatasi zote kwa swali la pili, kutoka maziwa mpaka makaa. Nilizipanga bila kusita. Wengine walikuwa wakibishana kwenye madawati yao, njano na nyekundu zikiwachanganya, lakini mimi niliona ngazi tu, kipande kimoja kina giza kuliko kingine. Padri akasema, "Angalieni, hivi ndivyo inavyotakiwa." Nakiri nilifurahi.

Kisha akasema: sasa zipange kwa swali la kwanza, kila ukoo upande wake.

Nikapanga. Mwenzangu wa dawati akapiga kelele: "Ehee! Ameozesha majani kwa matofali! Mahari ilitoka lini, bwana?"

Darasa lote likaanguka kwa kicheko. Nilizitazama karatasi zangu na sikuona kosa. Hapo ndipo nilipoogopa. Mtu akikosea hesabu, akionyeshwa, huliona kosa. Mimi nilionyeshwa, sikuliona. Padri aliinua vipande viwili.

"Hivi viwili?"

"Ni rangi moja, Padri. Hiki kimefifia kidogo tu."

Hakucheka. Alizikusanya karatasi, akaendelea na jambo jingine, na wenzangu walipotoka akanibakiza. Akanieleza kwamba kuna watu wanaozaliwa hivyo: nyekundu na majani kwao ni ndugu, wanazitenganisha kwa giza na kwa kukolea tu. Si ugonjwa, haiumi, haiponi. Mara nyingi inapita upande wa mama. "Waulize kwenu," alisema, "kama kuna mujomba wa namna hiyo." Akaongeza, akitazama dirishani, kwamba kabla ya likizo kubwa daktari atawapima macho waliochaguliwa kwa uuguzi. Yeye padri hataandika kitu kuhusu macho yangu. Lakini heri nijue.

Nilitembea mpaka nyumbani kwenye ukungu nikijiuliza: nimekaaje miaka yote hii bila kujua? Nadhani nimelipata jibu, ingawa halinifurahishi. Kwetu, ukiacha nyeupe, nyeusi na nyekundu, rangi tunaiita kwa kitu chake. Rangi ya majani, rangi ya kahawa, ya udongo, ya moshi. Ukimwuliza mtoto majani yana rangi gani, anasema ya majani; nani atakosa? Niliyajua majani, niliijua damu, nilijua matofali ya papa. Nilijifunza vitu, nikadhani nimejifunza rangi. Ni pale tu rangi ilipotolewa kwenye kitu chake, ikawekwa peke yake juu ya kipande cha karatasi, ndipo nilipobaki mikono mitupu.

Nilipofika nyumbani mujomba alikuwa amejikunyata mlangoni pa kibanda cha makaa, anachambua maharagwe ya maman. Anayachambua kwa vidole, uso umeelekea kwingine.

Sikumwuliza siku ile. Wala Alhamisi, wala Ijumaa. Mdomo wangu ni mzito, na nilijua kwamba nikiliuliza lile swali nitakuwa nimejibu na la kwangu.

Jumamosi maman alitutuma sokoni wote wawili. Mujomba alikuwa na haraka ya kujionyesha mtu wa faida, akakichukua kikapu mwenyewe. Kwa mama muuza nyanya akainama, akachukua nyanya moja, akaibonyeza kwa kidole gumba, akairudisha. Akachukua ya pili, akaibonyeza. Ya tatu.

"We muzee!" mama yule akafoka. "Unatafuta mufupa ndani ya tomati yangu? Macho yako iko ya kazi gani? Si unaona zenye kuiva ni hizi?"

"Macho inadanganya, maman. Kidole hapana."

"Basi kwenda ukabonyeze tomati ya bibi yako!"

Watu wakacheka, na mujomba akacheka nao, cheko la mtu aliyezoea. Mimi nilisimama palepale, sikuweza kucheka. Kwa sababu hivyo ndivyo ninavyochagua nyanya. Nimefanya hivyo tangu nilipoanza kutumwa sokoni, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nikamwona kwenye shamba lile, punje moja moja, kidole gumba kikiuliza kila buni: laini, au ngumu? Laini, au ngumu? Na kapita akipiga kelele, haraka, haraka. Hakuwa mvivu. Alikuwa akifanya kazi mara tatu ya wenzake.

Tulipoanza kupanda kilima nikasema, bila kumwangalia, "Mujomba, ile kahawa. Haukuwa unaona tofauti."

Utelezi ulikuwa mkali. Alikuwa akitafuta pa kukanyaga.

"Na mimi vile," nikasema. "Padri amenipima. Siioni."

Akasimama. Akakiweka kikapu chini kwenye tope, jambo ambalo maman asingelipenda. Mbele yetu mwanamke mmoja alikuwa akishuka amevaa kitenge kipya, na mujomba akakielekeza kidevu huko.

"Ile kitambaa. Weye unaiona namna gani?"

"Kama udongo. Udongo wenye kulowa maji."

"Na yale maua juu yake?"

"Udongo pia. Udongo mukavu."

Akacheka. Hakikuwa kicheko cha sokoni. Hiki kilitoka tumboni, mpaka akajishika magoti. "Udongo mukavu! Maskini, njo hivyo! Miaka yote hii nilizania ni mimi peke yangu Mungu alinisahau ku mulango." Alinishika bega. Nakumbuka dakika ile kuliko nyingine zote za mwaka ule, kwa sababu tulikuwa wawili tunaotazama kitu kimoja na kukiona kitu kimoja, na mvua ndogo ikitunyeshea, na sikuona aibu yoyote.

Nikamwambia, kwa moto ule, kwamba kesho nitamwambia papa. Nitasema yote. Papa akijua, atakupa kibanda.

Akakiokota kikapu, akakipangusa chini kwa kiganja. Tulitembea hatua nyingi kabla hajauliza, "Masomo yako ile ya uganga. Banaangaliaka macho?"

Ningeweza kudanganya. Nilisema, "Banaangaliaka."

"Na wenye macho kama yetu?"

"Hawachukuliwi."

"Aa," alisema. Akakihamishia kikapu mkono wa pili, akaongeza mwendo.

Jumapili baada ya misa papa alikaa kwenye kiti chake, bado amevaa koti. Maman alisimama mlangoni pa jiko, mikono ndani ya kitenge. Mujomba alikalia sufuria yake aliyoipindua, kwa kuwa viti vilikuwa viwili na cha pili alikuwa ameniachia mimi. Papa hakupaza sauti. Alisema kibanda si kitu, makaa yanaweza kulala nje. Lakini ana watoto nyumbani, na watoto wanatazama. Mtu aliyeharibu neno la mwenzake kwa uvivu akipewa mahali pa kulala bure, watoto watajifunza nini?

Nikasema, "Papa."

Wote wakanigeukia. Mimi huwa sisemi watu wazima wakisema. Sauti ilinitoka ndogo, nyembamba, ya kuchekesha.

"Mujomba hakuwa muvivu. Macho yake haitenganishi nyekundu na majani. Iko batu ya namna ile. Kahawa mbichi na ya kuiva, kwake ni moja."

Papa alikunja uso. "Nani alikuambia?"

Lilibaki neno moja. Nilikuwa nalo kwenye ulimi: *ju na mimi*, kwa kuwa na mimi niko hivyo. Naapa lilikuwepo. Mujomba akaingia katikati, akicheka cheko lake la sokoni.

"Eh, shemeji, uachane na mutoto. Vitabu mingi! Mimi naona rangi yote. Hii koti yako ni bulu, si ni bulu? Ile kahawa niliichuma mbichi ju sikupenda kazi. Nilikuwa kijana, nilitaka kulala."

"Mujomba..."

"Nyamaza, mutoto. Mambo ya wakubwa."

Papa akanitazama. "Umesikia kwa kinywa chake?"

Alinipa nafasi. Lazima niandike hivi, kwa sababu nimejaribu kuandika vingine na ni uongo: papa alinitazama muda mrefu wa kutosha mtu kusema maneno matatu. Mujomba naye alinitazama, na macho yake yalisema usiseme. Nikayatii macho ya mujomba kwa sababu yalikuwa yakiniambia kile nilichotaka mwenyewe. Nililitaka koti jeupe. Nilitaka papa aendelee kulitangaza.

"Nimesikia, papa," nikasema.

Maman aliingia jikoni. Hatukumwona tena mpaka jioni.

Kesho yake asubuhi mujomba alipanda nyuma ya lori linaloteremka bondeni. Alisema kuna mtu anamjua Luberizi, analima mpunga, atampa kazi. Nilimbebea mkeka mpaka kwenye lori. Nilitaka kumwomba msamaha, nikamwuliza kama amechukua chumvi. Akasema amechukua. Akasema, "Soma," lori likaondoka, na tope la magurudumu likanirukia shati. Watu walisema baadaye ni tope jekundu kweli, haliwezi kutoka.

Daktari alikuja majuma kadhaa baadaye. Alikuwa na kitabu kidogo, kila ukurasa umejaa vidoa vya duara kama upele, na ndani ya vidoa, alisema, kuna tarakimu. Waliokuwa mbele yangu walizitaja kama watu wanaohesabu mbuzi. Zamu yangu ilipofika nilitazama ukurasa wa kwanza na nikaona vidoa. Nikasema nane. Akafunua wa pili, nikasema tatu, kwa sababu aliyenitangulia alikuwa ametaja tatu. Alikifunga kitabu bila kufika wa tano. Kwa muda ule mtu asingekuwa amemaliza kumenya ndizi.

Kwa hiyo ukimya wangu wa siku ile haukuninunulia hata mwezi mmoja. Jambo hili ndilo linalonifanya niandike. Kama ningekuwa nimepita, labda ningejiambia kwamba mujomba alinipa zawadi na mimi nikaipokea.

Padri alikuja nyumbani mwenyewe kumwambia papa. Nitahamishiwa masomo ya ualimu, alisema. Mwalimu haulizwi macho yake. Alimweleza habari ya nyekundu na majani, na ya upande wa mama. Papa alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi, akakaa.

"Na mujomba wako?"

"Ndiyo, papa."

"Siku ile ulijua?"

"Nilijua."

Nilingoja kipigo, nilikitamani hata. Papa alivua viatu, akavitazama, akavivaa tena. Kesho yake hakwenda kazini. Alipanda lori kwenda Luberizi, na kabla ya kuondoka aliyahamisha makaa yote kutoka kibandani, peke yake, akafagia, akaziba tundu la ukutani kwa simenti aliyokuwa ameitunza.

Alirudi baada ya siku mbili, mchana, na alikuwa peke yake. Maman alimpa maji, akanywa yote.

"Amekataa," alisema.

Mimi ndiye niliyeuliza, kwa sauti yangu ndogo, kama papa alimwambia kwamba sasa tunajua.

Papa alizungusha kikombe mkononi. "Nilimukuta ndani ya maji ya mpunga. Kabla sijafungua kinywa, akauliza, 'Mutoto alipita?' Ata kunisalimia, hapana. 'Shemeji, mutoto alipita?'" Papa akakiweka kikombe chini. "Ningefanya nini? Nilisema, alipita."

Na akiisha kusema nimepita, hakuweza tena kusema anajua habari ya macho, maana angeulizwa amejuaje. Alimwambia tu arudi, kibanda ni safi. Mujomba alidhani anaonewa huruma, akakataa kwa heshima, akampa kilo za mchele amletee maman.

Tuliula mchele ule. Mimi sasa niko kwenye ualimu, na wanaoshuka bondeni huleta salamu zake: anauliza kama infirmier hajambo. Maman hujibu kwamba hajambo. Mimi sijashuka Luberizi, na sijui nitashuka nimevaa nini.